Vyumba vya Droo ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka hadi kope. Kutwa karakana, droo za yule mteja wa ghorofani anayetaka kila kijiko kiwe na chumba chake. Mbao nyembamba, msasa, gundi, tena msasa. Vumbi mpaka kwenye meno.

Halafu kaka akapiga simu. Jumapili anakuja kumchukua mama akakae kwake. Kisa kile kichupa cha gundi. Wiki iliyopita mama alitaka dawa ya macho, akapapasa droo ya jikoni, akatoka na gundi — nilimuwahi kifuniko kimeshafunguka. Vichupa vinafanana, na yeye siku hizi anaona mwanga tu.

Mama hataki kwenda. Kwa kaka hajui hata choo kilipo. Nimeomba nimtengenezee droo yenye vyumba. Kaka amekubali, ila Jumapili mama ajitolee dawa mwenyewe, mbele yake, bila kuelekezwa. Akishindwa, anaondoka naye.

Jumanne, 4 Machi
Gundi nimeitupa. Droo nimeipima. Mbao ni mabaki ya mteja wa ghorofani. Mgongo si wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Vyumba nimevipachika. Droo imependeza, ya kupigwa picha. Dawa mbele kabisa, kisha vifungo, sindano, mkasi, kibiriti, kila kitu na kwake.

Mama akaingiza mkono. Akatoka na mkasi. Mara ya pili, kibiriti. Akauliza, mwanangu, hii droo ya nani?

Nimeumia. Nikamjibu vibaya, kwamba watu wananilipa kwa kazi hii hii. Akasema polepole tu: kwenye ile fujo nilikuwa naijua njia.

Wateja wananisifu, mama yangu amepotea jikoni kwake. Mganga hajigangi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeomba ruhusa kazini. Nimeng'oa vyumba vyote, nikamwambia, rudisha vitu unavyotaka wewe. Nikakaa pembeni, nikautazama mkono wake.

Kumbe wa kushoto ndio unaovuta droo. Wa kulia unazama moja kwa moja hadi kona ya nyuma, ndipo unaanza kurudi mbele. Dawa akaiweka huko nyuma kabisa, mahali ambapo mimi nisingeweka hata msumari. Nilimpangia mtu mwenye macho. Aibu imenishika.

Nimekata upya, kwa kuufuata mkono. Ukingo wa chumba cha dawa nimeutia pengo kwa patasi, kidole kikipita kijue. Nimejikwaruza kwa msumeno — uchovu. Si kitu.

Jumamosi, 8 Machi
Mazoezi. Hakosei. Tena akanichokoza: sasa fumba wewe, nitafutie sindano. Nikaipata kwa kujichoma. Mama akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake.

Ila nina wasiwasi. Nyumba bila yeye nitaifanyia nini?

Jumapili, 9 Machi
Kaka amefika na begi tupu la nguo za mama. Tupu! Yaani ameshaamua.

Mama alikuwa bado anaoga. Kaka akafungua droo, akasifu, kazi safi. Akatoa dawa, akasoma tarehe kuona kama haijapita. Haijapita. Simu ikalia, wifi, wanauliziana chakula cha jioni na kitanda cha mama. Maongezi marefu. Mama akatoka, akakaa kwenye kiti chake. Kaka akakata simu: haya mama, jitolee dawa.

Naandika hapa hapa mezani, kaka anadhani napiga hesabu za mbao. Mkono wa mama umekwenda moja kwa moja kona ya nyuma. Kidole kimeligusa pengo. Kimeingia. Hamna kitu.

Kaka ananitazama, anatikisa kichwa, si nilikwambia. Na kichupa kinachungulia kwenye mfuko wa shati lake.

Nikisema mimi, atasema nambeba mama. Nasubiri kidogo. Kidogo tu.

Mama hajahamia chumba kingine. Anagonga mbao kwa kidole, taratibu. Dawa inakaa hapa, anasema. Sitoki hapa mpaka ionekane.

Kaka anapumua kama mtu aliyemaliza kazi. Ameinama kufungua zipu ya begi. Kichupa nacho kinainama, kinachomoka mfukoni —