Mizani Mezani pa Msiba

Nyumbani kwa Fa'atoia,
Māngere, Auckland.
20 Agosti 2023

Mpendwa Mama mdogo Anetelea,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumai barua hii itakukuta umeketi barazani, mguu umeunyoosha juu ya mto kama daktari alivyoagiza, wala hupo shambani kwenye majimbi. Ingawa najua utakuwa shambani. Je, uvimbe umepungua? Na lile paa la upande wa jikoni, limeshaezekwa, au bado mnahamahama na masufuria kila mvua ikinyesha? Huku hatujambo. Shemeji Fa'atoia anakwenda kazini, mwanawe Moelagi anakwenda shule. Mimi ninalala, ninaamka, ninakula.

Nisamehe kwa simu zako ambazo sikuzipokea. Kwenye simu wewe utalia, mimi nitanyamaza, na salio litakwisha. Binti wa mchungaji anakuja huko kisiwani Savai'i, ndiye niliyempa barua hii pamoja na miwani yako. Nimeona ni afadhali nikuandikie, nikueleze mambo moja baada ya jingine.

Kwanza lile ulilolisikia. Ni kweli. Siku tuliyomzika mdogo wangu Vaitoa, tuliporudi kwenye ukumbi wa kanisa kula, nilitoa mizani ya jikoni kwenye mkoba, nikaiweka mezani mbele ya watu wote, nikapima chakula changu. Aliyekuambia hakuongeza chumvi. Lakini hakukuambia ilianzia wapi, kwa sababu hajui.

Unakumbuka kwamba figo zake zilipokufa, walitupima wote. Fa'atoia hakufaa. Moelagi ni mtoto. Mimi nilifaa, damu yangu na yake kama zimetoka kikombe kimoja, ila nilikuwa mnene mno. Nilikuwa na kilo mia moja na kumi na nane. Daktari alisema wakinipasua hivyo naweza kufia mezani, kwa hiyo nishuke chini ya tisini kwanza, ndipo Vaitoa ahamishiwe figo yangu moja. Nikasema sawa. Nilidhani kupunguza mwili ni kula kidogo.

Nikala kidogo miezi mingi, uzito haukutikisika. Daktari akaanza kunitazama kama mtu anayekula gizani. Ndipo wakanipeleka kwa binti mmoja Mtonga wa visiwani kama sisi, mtaalamu wa lishe, anaitwa Kalolaine, mnene kidogo yeye mwenyewe, na hilo lilinipa moyo.

"Asubuhi unakula nini, mama?"

"Jimbi la kuchemsha. Kipande kimoja tu."

"Kipande cha nani?"

Sikumwelewa.

"Kipande kama cha kwako na changu," akasema, "au kama cha mama yangu? Maana kipande cha mama yangu wanakula watu watatu na mbwa anabakishiwa."

Nikacheka. Kisha nikamwambia kwamba mimi si mwongo. Akasema, "Najua. Hujadanganya, umekadiria. Jicho linampenda mwenye jicho." Akafungua kabati, akanipa mizani ndogo bapa, kama sahani ya kioo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Unaweka sahani tupu juu ya mizani, unabonyeza kitufe isome sufuri, ndipo unatia chakula. Mchele unaupima mkavu, kwa sababu ukiiva umekunywa maji na uzito wake unakudanganya. Mafuta ya kukaangia unayapima kabla hayajagusa kikaango. Tui la nazi nalo pia, hasa tui. Kisha unaandika kwenye simu, simu inakuambia ni kalori ngapi na umebakiza ngapi mpaka kesho. Wiki ya kwanza nilipopima kweli, nilikuta kile "kidogo" changu kilikuwa karibu mara mbili ya nilichodhani. Kijiko cha kuonja peke yake, mama mdogo, pale jikoni mwa kanisa siku ya Jumapili, kilikuwa mlo wa mtu.

Vaitoa akasema yeye ndiye ataandika. Siku asizokuwa hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu alikuwa anashinda kwenye kiti cha jikoni, blanketi miguuni, hana nguvu ya kufanya kitu. Basi mimi ninapika, ninaweka kwenye mizani, yeye anasoma namba na kuandika. Alikuwa mkali kuliko Kalolaine.

"Dada, umelamba kijiko."

"Sijalamba."

"Nimekuona kwenye kioo cha dirisha. Kijiko kina tui, tui lina kalori. Lambalamba zako ndizo zitakazoniua mimi, siyo hizi figo."

Mbavu za kondoo tulikuwa tunazipima kabla, nikishakula tunapima mifupa na kuitoa kwenye hesabu. Vaitoa alikuwa anaishika mifupa kwenye mwanga na kuigeuza. "Umemdhulumu mbwa wa jirani," anasema. "Hapa hakuna hata cha kunusa."

Watu walinicheka. Huku kama huko, mtu akikupakulia ukasukuma sahani nyuma, umemsukuma yeye. Nikaacha kwenda kula kwa watu Jumapili. Mke wa mchungaji alimwambia Fa'atoia kwamba shemeji yake amekuwa Mzungu. Kazini kwangu, pale tunapopakia chakula cha ndege, wenzangu walikuwa wananiita Gramu. Gramu, lete mifuniko. Gramu, funga mlango. Sikujali. Nguo zilikuwa zinalegea, na kila zilipolegea Vaitoa alikuwa anazikunja kwa pini na kusema, "Figo yangu inakaribia."

Tulifika. Mwezi wa pili, mizani ya hospitali ilisoma themanini na tisa na kitu. Muuguzi anayesimamia mambo ya kupandikiza, Mmaori anaitwa Ngaire, alipiga makofi peke yake pale chumbani. Wakatupa tarehe ya mwezi unaofuata, na sharti kwamba nisipande hata kidogo kabla ya siku hiyo.

Homa ilimwanza Vaitoa Jumatatu. Uchafu uliingia kwenye damu kupitia ule mrija wa mashine. Alhamisi hakuwepo.

Mimi ndiye niliyemwosha na kumvisha, na mashangazi wawili. Sikulia. Nilisubiri kilio kama unavyosubiri basi, hakikuja, nikaendelea na kazi. Tulikunja mikeka ya zawadi, tulipokea wageni, tulihesabu makopo ya nyama waliyoleta. Kwenye ukumbi wakaniletea sahani imejaa: jimbi, mbavu, majani yaliyopikwa kwa tui. Nikaitazama. Sikujua kama nina njaa au nimeshiba. Tumbo halikusema lolote. Nilijua kitu kimoja tu cha kufanya na sahani, nikakifanya.

Mama Fuatino ndiye aliyeona kwanza. Unaijua sauti yake.

"Wewe Sieni! Umekuja na mizani msibani? Unatuuzia? Hapa si sokoni!"

Watu wa meza zote wakageuka kutazama.

"Ninapima tu, mama," nikasema.

"Unampimia nani? Mwenye figo si tumemzika sasa hivi?"

Nilitoa jimbi moja likarudi kwenye sinia, namba ikakaa sawa, nikaandika mwenyewe kwenye simu. Nikala. Fa'atoia alisimama akatoka nje. Hilo ndilo ulilolisikia. Mama Fuatino usimlaumu, alikuwa amekesha jikoni siku mbili kwa ajili yetu, na alichokisema kilikuwa kweli.

Niliendelea kupima baada ya hapo. Watu walidhani nimechanganyikiwa, na labda nilikuwa. Lakini mizani ilikuwa inaniambia kula nilipokuwa nimesahau kula, na kuacha nilipokuwa nimesahau kuacha. Bila hiyo sijui ningekula nini.

Wiki chache baadaye Ngaire alipiga simu kutoa pole na kufunga jalada langu. Aliongea vizuri. Alipokuwa anaaga nilimwuliza, "Hii figo bado inafaa?"

"Inafaa."

"Kuna mtu anasubiri?"

"Sieni, wapo wengi. Lakini usiamue ukiwa na msiba. Kaa kwanza. Ukiwa bado na wazo hilo baridi ikianza, nipigie."

Baridi ilipoanza nikampigia. Walinipima upya vyote. Walinipeleka kwa daktari wa mambo ya moyo na akili, mwanamume mpole mwenye soksi za rangi mbili. Aliniuliza kama ninafanya hivi ili mdogo wangu arudi. Nikamwambia ninajua alipo, mimi ndiye niliyemvisha. Akaniuliza ninategemea kuhisi nini baadaye. Nikamwambia sitegemei. Aliandika muda mrefu, lakini alinipitisha.

Usidhani nilikuwa mwema, mama mdogo. Wema una joto, na mimi sikuwa na joto. Nilikuwa na kitu kilichotengenezwa kwa kazi nyingi, kazi ya watu wawili, na sikuweza kukiacha kikae tu ndani yangu na mimi ninenepe juu yake.

Fa'atoia nilimwambia jikoni. Alikuwa anaosha vyombo, akaendelea kuosha sahani ileile.

"Hiyo figo ni ya Vaitoa," akasema.

"Ni yangu, shemeji. Nilitaka kumpa Vaitoa."

"Sasa unampa mtu usiyemjua hata jina. Akiwa mlevi?"

"Akiwa mlevi amepata."

Akaweka sahani chini. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza. "Na Moelagi? Ugonjwa huu ulimpata bibi yake, ukampata mama yake. Mwanangu akiugua kesho, mama yake mkubwa atampa nini?"

Ngaire alisema Moelagi amepimwa na ni mzima, kwamba hakuna ajuaye ya miaka ishirini ijayo, na kwamba mimi mwenyewe nitakuwa nimezeeka. Yote ni kweli na hayatoshi. Nilimwambia Fa'atoia, "Sijui." Akafuta mikono, akaenda kulala. Hakusema na mimi karibu wiki mbili. Akipakua chakula alikuwa anakiacha kwenye sufuria, mimi nikipime nikiwa peke yangu.

Moelagi alisikia, kuta za huku ni nyembamba. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mama yake, akanyoosha mkono bila kunitazama. "Leta simu, mama mkubwa. Soma namba, niandike." Nikasoma. Akaandika.

Siku ya kwenda hospitali ilikuwa Jumanne, mvua, giza bado. Nilikuwa nimeita teksi. Nilipotoka na mfuko wangu nilikuta Fa'atoia amewasha gari, ameshamrudisha mwenye teksi. Tulipofika kwenye maegesho alizima injini, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Shemeji, bado nina hasira."

"Najua."

"Lakini sitaki uingie humo peke yako."

Akaubeba mfuko wangu mpaka walipomzuia.

Nilipoamka kulikuwa na maumivu, ya mwili tu, hayo nayaweza. Fa'atoia alikuwa kwenye kiti, amelala na kofia usoni. Ngaire aliingia jioni, akavuta pazia. Akasema yule mtu mwingine ametoka salama.

Fa'atoia akaamka. "Mwanamke au mwanamume?"

"Hilo siruhusiwi kusema, kaka."

"Mzee au kijana?"

"Hilo nalo siruhusiwi."

Akafikiri. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia jirani, "Basi amekojoa?"

Wewe hukuwa hapa, mama mdogo, kwa hiyo nikuambie. Mdogo wangu mwaka wake wa mwisho hakupata hata tone. Usiku alikuwa anamwambia mumewe kwamba ameota amekojoa, na amefurahi kwenye ndoto kama mtu aliyeokota fedha. Mimi sikuwa ninalijua hilo. Fa'atoia alilisema baadaye, ndani ya gari.

Ngaire akatabasamu. "Amekojoa pale pale mezani, kabla hawajamshona. Mpaka sasa wameshabadilisha mfuko mara kadhaa."

Fa'atoia akairudisha kofia usoni, mabega yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, mtu mzima. Mimi nilikuwa nimelala kwa upande. Nilinyoosha mkono, nikamshika bega, nikangoja kuona kama na mimi nitalia. Sikulia. Lakini mkono sikuuondoa mpaka alipomaliza.

Sasa niko nyumbani. Kidonda kinafunga vizuri, siruhusiwi kubeba kitu kizito, na kazini wamenipa likizo. Ukimwona Mama Fuatino akija huko Krismasi, mpokee, umpe nafasi nzuri ya kulala, mgongo wake si mzima.

Nisalimie mjomba Peniamina, na mkewe Oloketi, na watoto wa nyumba ya nyuma. Mwambie Peniamina asikupeleke shamba hata ukimtukana. Moelagi anakusalimu, anauliza kama nguruwe yule mweupe bado yupo. Fa'atoia anasema anakuja mwezi wa kumi na mbili kuezeka hilo paa, na namwamini, maana ameshaanza kuuliza bei ya mabati.

Mungu aliyekuweka hai mpaka leo akuongezee siku, na mguu ukubebe mpaka kanisani na kurudi. Miwani, ijaribu mchana, usisubiri usiku.

Mtoto wako uliyebaki naye, akupendaye,
Sieni