Noeli Tuliyorekodi Wawili

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Nyimbo zetu za Noeli zimetoka. Watu wanazipitishiana kwenye simu, Kasongo mpaka Salamabila, na mimi bado sijazisikiliza peke yangu hadi mwisho. Siwezi. Ukivuta tu ile pumzi yako kabla ya ubeti, nazima.

Homa ilipokushika tulikuwa tumebakiza wimbo mmoja. Zile za zamani, alizotuimbia bibi kwa Kibangubangu, zilikuwa tayari. Zetu wenyewe pia, isipokuwa ule ulioutunga njiani kwenda Wamaza, pikipiki ilipokwama kwenye matope. Ulikaa juu ya gunia la mihogo ukaimba kama mtu asiyekuwa na haraka. Mimi nilinuna. Ukaniambia, "Mudogo wangu, hata Maria alichelewa njiani."

Tulipokwisha kukuzika, mwenye studio alinishauri tutafute sauti nyingine, kazi isipotee. Nikakubali. Akaja dada mmoja wa kwaya, mpole, mwenye sauti nzuri. Aliimba ubeti wa kwanza bila kosa lolote, na vidole vyangu vikakataa kucheza. Nilimwomba radhi. Hakukasirika. Alinisaidia kufunga gitaa, akaenda zake. Basi nikaimba mwenyewe, sauti ya pili tu, ile ya chini niliyozoea kuiweka chini ya yako.

Siku ya Noeli nilikwenda Wamaza kwa mama. Nikaweka kadi yenye nyimbo zetu kwenye redio. Ulipoanza kuimba, mama aliacha kutwanga sombe, majani ya mihogo, akatoka, akasimama nyuma ya nyumba. Nikanyoosha mkono nizime. Akasema kutoka huko huko, "Acha. Feza iko naimba."

Yaya, sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Ulipofika wimbo wa mwisho akarudi ndani, akauliza kwa nini huo naimba peke yangu. Nikamwambia hukuwahi. Kisha akaketi karibu nami, akaanza kuimba sehemu yako, polepole, akisahau maneno hapa na pale, sauti imemkauka. Kumbe ulikuwa ukimwimbia wimbo huo pale kitandani, siku nilizokuwa Kasongo nikihangaikia studio. Nikaingia na sauti yangu ya chini. Hatukutazamana. Tulipomaliza aliniambia sombe itaungua, akaenda kuiangalia, na mchi ulikuwa bado ndani ya kinu.

Nimerudi Kasongo. Jioni nafungua gitaa, nakaza nyuzi, halafu nabaki kungoja uanze. Majirani wamezoea, zamani walikuwa wanakuja na viti vyao, sasa wanapita wakinisalimia kwa sauti ndogo. Wiki hii watu wa Nyangwe wamenialika. Hawajapata habari. Wameuliza ni chumba kipi watutayarishie sisi wawili, na kama wewe bado hupendi samaki wa kukaushwa. Sijawajibu.

Nitakwenda, Yaya. Nitawaambia kwa mdomo wangu kwamba hauko tena, maana hiyo si habari ya kutuma kwa simu. Kisha nitawaimbia. Na kila Noeli, mvua inyeshe, njia iharibike, nitafika kwa mama, nikae naye, tuimbe sisi wawili mpaka maneno yote yamrudie.

Pumzika, Yaya. Hapa kwetu ni kimya sana.

Mudogo wako,
Musafiri