Roda, Viatu Vyako Vilibaki Kando ya Turubai

Mwaka mwingine umekatika, Roda, tangu jioni ile ya Juni 2004 ulipoitwa pembeni ukiwa unapiga mpunga kwenye turubai pale Msangano, ukaenda, na hukurudi. Asubuhi ulikutwa kwenye njia ya mtoni, umenyongwa.

Wateja wako wa Tunduma bado wanautaja mchele wako. Wengine walivuka mpaka kutoka Zambia kuufuata. "Mulishani, mayo! Wa leo hauna mawe?" walikusalimu, nawe ukawajibu, "Anayetaka mawe aende kwa fundi ujenzi." Mawe yangetoka wapi? Hakuna aliyekanyaga turubai lako na viatu. Hata mchungaji alipokuja kukutembelea ulimzuia pembezoni: "Baba mchungaji, viatu huko huko. Hapa napo ni patakatifu." Akacheka, akavua, akakusaidia kupepeta.

Ulikuwa na sauti kubwa na roho nyepesi. Ulimbeba binti yako Goodness mgongoni huku ukiimba nyimbo za kwaya, ukikosea maneno kwa makusudi ili wenzako wacheke.

Miaka ile kulikuwa na mtu aliyekuwa akiua wanawake kule kwenye mashamba ya kahawa. Aliua wanne, na kila aliyemuua alimvua viatu akaondoka navyo. Wewe ulipokutwa pekupeku, wapelelezi wakasema ni yeye, ameshuka bondeni. Alipokamatwa ukahesabiwa wa tano. Alifia gerezani, na jalada lako likafungwa pamoja na ya wenzako.

Mdogo wako Luka hakukubali, ingawa hakupiga kelele. Unamjua, neno lake moja hulifikiria wiki nzima. Alianza na wifi yako Grace, aliyekuwa nawe siku ile. Grace akamwambia alichowaambia wapelelezi tangu mwanzo: viatu vyako havikuchukuliwa na mtu. Kandambili zako za bluu zilibaki kando ya turubai, karibu na za kwake, naye ndiye aliyezibeba nyumbani ulipokawia kurudi. Alisikia tu ukiitwa, aliyekuita hakumwona.

"Wakasema nini, shemeji?" Luka aliuliza.

"Wakasema atakuwa alivaa vingine."

"Vingine vipi?"

"Ndiyo nikawauliza hivyo hivyo. Mtu ana jozi moja, anabadilisha na nini? Wakaniambia nisiwafundishe kazi."

Luka akalichambua taratibu, hatua kwa hatua. Mtu wa kwetu akitoka kwenye turubai aende mbali, anavaa. Anayetoka pekupeku ni yule anayesogea kidogo tu, anarudi sasa hivi. Kwa hiyo hukuwa safarini, Roda. Uliitwa na mtu uliyemzoea, ambaye hukuona haja ya kuvaa viatu kwanza ili umfuate. Yule wa kwenye kahawa hakuna aliyemjua bondeni kwetu.

Hatusemi wapelelezi walikuwa na nia mbaya. Walikuwa wageni, hawajawahi kupiga mpunga, na waliona miguu mitupu. Lakini tumewaeleza wao na waliowafuata, kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mwaka huu redio ilipokutaja tena kuwa wa tano, Luka alirudi kituoni.

"Kaka, muuaji alifungwa, akafa," afande alimwambia. "Unataka tumfufue?"

"Sitaki afufuliwe, afande. Huyo aacheni alale. Nataka atafutwe huyu wa kwetu."

"Ushahidi wako ni kandambili?"

"Ni kandambili. Ninyi wenyewe mlianza na viatu."

Afande alicheka kidogo, akamwambia aache namba ya simu. Namba hiyo hiyo wanayo tangu zamani. Hawajapiga.

Tulidhani ni heri tumwache mama yako, Nesta, nje ya haya. Kaka mkubwa Edson alimwambia Luka waziwazi, "Mama alishatulia. Anaamini muuaji amekufa. Ukimwondolea hilo utampa nini?" Mama alikuwa mlangoni, anasikia.

"Nani amekwambia nimetulia?" alisema. "Kila Jumapili nikitoka ibadani nashikana mikono na watu. Wengine ni wa rika la Roda, walikuwepo siku ile. Nashika mkono, nauangalia. Halafu nashika mwingine. Luka, nenda. Nenda hata wakuchoke."

Basi hatukuombei pumziko peke yake mwaka huu. Tunaomba uondolewe kwenye hesabu ya mtu ambaye hakukugusa, kwa sababu ukiwa humo hakuna anayemtafuta aliyekugusa. Yeyote aliyemwona aliyekuita jioni ile, akakaa kimya kwa hofu au kwa undugu, nyumba yetu anaijua. Hatutamkaripia.

Tunaokukumbuka ni mama yako Nesta, kaka yako Edson, mdogo wako Luka, wifi yako Grace, na binti yako Goodness, ambaye sasa umri wake umeupita ule uliokuwa nao ulipotutoka.

Jumapili tutakwenda ibadani, na Mama atasimama mlangoni kama kawaida, awape watu mkono. Hatutakusahau, Roda, wala hatutaacha kuuliza.