Laptop ya Amondi mbele ya wachimbaji

Kauthar, uko mjini Tarime? Amondi wetu amevuliwa ukatibu leo. Siamini.

Asubuhi kikundi cha wachimbaji kilikutana hapa Nyakunguru kuhakiki majina ya kuombea leseni. Laptop mpya ya kikundi, wiki mbili tu! Amondi akaifungua mbele ya watu wote, ikajizima. Akaiwasha, ikajizima. Mara nne Kauthar, MARA NNE, skrini inageuka bluu halafu giza.

Mzee Okumu akasimama: "Binti, mbona inajizima kila tukikaribia jina langu? Umetufuta?"

Umetufuta! Amondi aliyezunguka kila shimo kuwaandika! Akajibu, "Mzee, mashine ndiyo mbovu, sijafuta mtu." Wakamcheka.

Wakampandisha bodaboda aende kwa fundi Faridu, huko huko Tarime. Mzee Okumu nyuma yake, ameikumbatia laptop asije akakimbia nayo.

Faridu akaifungua, akakuta RAM mbili, zile memori za kuendeshea mashine, moja mbovu. Akaitoa. Laptop ikawaka, ikatulia. Majina yote yapo, la mzee pia. Mzee mwenyewe akatupigia simu: "Jamani, huyu msichana hana kosa."

Unajua walimjibu nini? "Tumeshachagua mwingine. Rudi na laptop, yeye abaki huko huko."

Simu ya mzee ilikuwa kwenye spika. Amondi alisikia kila neno.

Mzee anasema Amondi alitoka pale kwa Faridu bila hata mkoba wake. Mimi nampigia, hapokei. Kauthar, funga duka lako ukamtafute. Nakuomba.