Matundu Juu ya Milango

Eastleigh, Nairobi
4 Julai 1979

Dada Lydiah,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini mguu wa Mama umepungua uvimbe, na kwamba wanafunzi wako hawakusumbui sana. Mimi ni mzima wa mwili, lakini roho imechafuka.

Ghorofa hii ninayoitunza ina vyumba ishirini na vinne, kila kimoja na balbu moja, bila soketi. Baridi ilipozidi, wapangaji walinituma kwa mwenye nyumba, Bwana Kinyanjui, nimwombe soketi ili wanunue hita za umeme. Alikataa, akasema watammalizia stima. Badala yake ameniamuru nizibe kwa saruji matundu ya hewa yaliyo juu ya milango, upepo usiingie, kisha kila mtu aote jiko lake la makaa. Nimeanza jana.

Siku hiyohiyo aliniita orofa ya juu anakoishi. Anachagua mashine ya dirishani, ambayo hupoza nyumba wakati wa jua na kuipasha joto wakati wa baridi. Alinisimamisha pale kama saa nzima nikishikilia picha za mashine ukutani, aone ipi itapatana na mapazia. Mikono yangu ilikuwa bado na saruji.

Mdogo wako,
Njogu

Murang'a
11 Julai 1979

Mdogo wangu Njogu,

Barua yako imenifikia. Mama anatembea sasa, na anakusalimu. Nakuandikia kwa haraka.

Mlinzi wa shule yetu alilala na jiko ndani ya stoo iliyofungwa. Tulimkuta asubuhi amekufa, na wala hakukuwa na moshi. Makaa hutoa hewa ya sumu ambayo huwezi kuinusa. Zibua matundu hayo leo, usingoje ruhusa ya mtu. Ukishindwa, pita kila mlango uwaambie watu wasilale na jiko ndani.

Unijibu upesi.

Dada yako,
Lydiah

Eastleigh
9 Agosti 1979

Dada Lydiah,

Sijui nikusalimuje. Barua yako niliipata mwezi uliopita. Niliisoma, nikaikunja, nikamaliza kuziba orofa ya tatu. Niliogopa kufukuzwa kazi. Nilijiambia kwamba hapa mjini watu wamezoea makaa.

Jumatatu asubuhi jirani aligonga kwa Nzembi, mke wa Kilonzo, dereva wa lori ambaye tunasali naye kanisa moja; wanaishi orofa ya tatu. Kilonzo alikuwa safarini. Mlango haukufunguliwa, tukauvunja. Nzembi alikuwa bado anapumua, naye yuko hospitalini. Mtoto wao, Nthoki, wa miezi miwili, alikuwa ameshakufa, mwili umepoa. Jiko lilikuwa karibu na kitanda, na juu ya mlango kulikuwa na saruji yangu, laini kabisa, kazi safi.

Bwana Kinyanjui aliniita juu. Mashine yake ilikuwa inanguruma, na kulikuwa na joto hata amevua koti. Alinipa karatasi nitie sahihi, kwamba wapangaji waliziba wenyewe. Akasema, "Mtoto wa watu hawa hufa kwa lolote. Wewe bado kijana, una maisha." Kisha akaagiza chai, tunywe pamoja.

Nami niliinywa. Najichukia kuliko ninavyomchukia yeye. Karatasi bado ninayo, sijaitia sahihi.

Njogu

Murang'a
14 Agosti 1979

Njogu,

Sitakuambia kwamba huna kosa, kwa sababu unalo, na nilikuwa nimekuonya. Nimelia, kisha nikakasirika, na sijamwambia Mama.

Usitie sahihi. Nenda polisi ueleze nani aliamuru na nani aliziba. Halafu umwambie Kilonzo kwa kinywa chako kabla hajasikia kwa wengine.

Dada yako bado,
Lydiah

Eastleigh
23 Agosti 1979

Dada Lydiah,

Pokea salamu zangu. Nzembi ametoka hospitalini, ingawa mikono inamtetemeka.

Nilikwenda kituoni nikaandikisha yote. Bwana Kinyanjui ameitwa mara mbili. Yatafika wapi, sijui. Kazi amenifuta na chumba ametaka nikiache, lakini kabla ya kutoka nilichukua nyundo na patasi nikaanza kuzibua orofa ya chini. Alisimama kwenye ngazi akitukana. Wapangaji walitoka wakasimama kati yetu, naye akarudi juu. Hakuna aliyenishukuru, na ni haki yao.

Nilipofika orofa ya tatu, Kilonzo alikuwa mlangoni kwake. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeziba, na kwamba ulikuwa umenionya. Aliinua macho akaitazama saruji juu ya mlango. Halafu akanyoosha mkono.

"Lete nyundo," alisema. "Hili nitalibomoa mwenyewe. Wewe usiguse mlango wangu."

Nilimpa. Aliligonga tundu mpaka likawa kubwa kupita lilivyokuwa, hadi kizingiti cha juu kikapasuka, na vumbi likamjaa usoni. Kisha akanirudishia nyundo bila kunitazama, akanionyesha kwa kidevu mlango uliofuata.

Yalikuwa yamebaki matundu saba. Niliyamaliza yote.

Mdogo wako,
Njogu