Nguzo Iliyo Chini ya Kitanda cha Kijiti

Nyumbani kwa fundi cherehani, mama yake Kijiti,
Mtaa wa Juu, nyuma ya shule ya msingi.
Ijumaa, alasiri.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nina jambo sijamwambia mtu, hata Mama: tangu juzi nashuka chini ya ardhi. Nimelitanguliza nisije nikaishia kwenye salamu, maana unanijua, mimi huchelewa kulifikia jambo.

Sasa naweza kukuuliza hali. Kifua kimepoa? Bibi anakula vizuri? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Mama anajua nimekuja kwa Kijiti, rafiki yangu wa bwenini, tujisomee mtihani. Mji wao ulikuwa wa dhahabu. Kampuni ya mgodi ilipoondoka, iling'oa hata taa za barabarani. Nyumba nyingi hazina watu, mtaa una mapengo kama kinywa cha mzee.

Siku mbili nilikula nikalala. Ya tatu, baba yake Kijiti akaja na nyundo, anacheka: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!" Nikacheka pia, nikidhani tunakwenda bustanini. Akasogeza kitanda cha Kijiti. Chini yake pana mfuniko wa mbao, chini ya mfuniko ngazi, na chini ya ngazi, Mjomba, ni mgodi wenyewe wa zamani.

Kazi yangu kushika tochi. Baba anagonga, Kijiti anazoa mawe. Juu, mama yake anakanyaga cherehani isiyo na uzi, majirani wasisikie nyundo. Jana mteja alimtania: "Dada, sare ya mwanangu unaishona au unaisaga?" Akajibu, "Kizuri hakitaki haraka," na mguu haukusimama.

Wewe umefanya kazi migodini, utanielewa. Kinachogongwa ni nguzo ya mwamba, ile ambayo kampuni iliiacha ishikilie ardhi ya juu. Dhahabu iliyobaki imo humo. Kijiti anasema zamani ilikuwa nene kama chumba. Leo mimi na yeye tukishikana mikono tunaizunguka. Na juu yake ndiyo nyumba hii, pamoja na darasa la watoto wadogo la shule iliyo mbele yetu. Jumapili, watu wakiwa ibadani, baba anataka kuimaliza.

Nilimwambia Kijiti naogopa. Akaniambia, "Acha woga wewe, Baba anaijua kazi yake." Halafu akanishika mkono kwa nguvu. "Ukisema, watamfunga. Sisi tutakwenda wapi?" Nikaapa sitasema.

Nilianza kukuandikia kwa lugha ya shuleni, ikawa kama insha, woga wote ukapotea njiani. Kwa Kiswahili unarudi wote, basi uvumilie mwandiko.

Simu zetu baba yake amezifungia kabatini, eti tusome. Barua nitampa dereva wa lori la maji kesho asubuhi, jioni hupita kwenu. Njoo peke yako, Mjomba. Sema umekuja kunichukua, kisha umweke kando mzee huyu umwambie kiutu uzima. Mimi atanicheka, wewe hatakucheka. Ila polisi hapana, tafadhali. Nimeapa.

Nisalimie Bibi, na wale pacha uwaambie wasiguse vitabu vyangu. Mungu akufungulie njia.

Mpwa wako akupendaye,
Konokono

Mjomba, nimeinuka kufunga mlango ili niikunje barua. Haufungiki. Asubuhi niliusukuma kwa kidole ukafunga. Sasa umebanwa juu, fremu imekaa upande, na ukutani pana ufa ambao mchana haukuwepo. Nyumba inashuka.

Futa niliyosema. Njoo na polisi, njoo na yeyote, usingoje Jumapili. Dereva nitamtafuta sasa hivi, hata kwa kuruka dirisha. Kijiti atanichukia. Acha anichukie akiwa hai.

Nyayo ukumbini, nzito, za buti za baba yake Kijiti. Naitia karatasi ndani ya soksi