Nchi Rahisi ya Kuanzia

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisome mpaka mwisho hata kama utaona swali langu ni la mtu aliyepungukiwa akili, kwa sababu hapa nyumbani hakuna tena wa kunisikiliza na mume wangu ameshasema nikilitaja neno safari mara nyingine nitajua mwenyewe pa kulala. Naitwa Tusekile, ni mke wa mtu, tunaishi Lufingo, na nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni huku Tukuyu, mtaa wa Bulyaga, kupika chai na kutandika vitanda. Ninachotaka kwako ni unitajie nchi moja tu iliyo rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kutoka nje, mwenye begi la mgongoni basi, asiyekwenda kununua vitenge wala kuzika wala kuuguza, anayekwenda kuona tu na kupita.

Nikikueleza nusu hutanielewa kwa hiyo nianze mbali kidogo. Tangu milango ya biashara ifunguliwe wageni wamekuwa wengi hapa kwetu, wanapita kwenda Malawi, wengine wanapanda kuona ziwa la Ngosi, na mwaka jana walikuja wasichana wawili wazungu wenye mabegi makubwa mgongoni, mmoja anajua Kiswahili cha kuokoteza, nikamuuliza mmekuja kikazi au kwa wamisionari, akasema hapana, tunatembea, nikamuuliza tena nikidhani hajanielewa, akasema tena tunatembea, tunaona. Nilimwambia hata mimi ningependa lakini ningeanzia wapi, naye akanieleza kwamba mtu haanzi popote tu, anaanza na nchi rahisi iliyo karibu na kwao, ambako lugha anaiokota, magari yapo, chakula hakimsumbui tumbo na wenyeji wamezoea wageni, halafu akishazoea ndipo anakwenda kwenye nchi ngumu kama hii yenu. Nilicheka sana maana sikujua kama tunaishi kwenye nchi ngumu, kumbe wenzetu wanajifunzia kwingine kwanza ndipo waje.

Tangu siku ile sikutulia. Mwenzangu kazini, Sophia, ambaye kaka yake Idrisa huvuka kwenda Malawi kwenye biashara zake, alikubali twende wote nikipata likizo, na tukawa tunachambua nchi kama mchele: Malawi iko hapa tu ukishuka Kasumulu na watu wa Karonga wanaongea lugha ambayo mama yangu anaisikia yote, Zambia ukishavuka Tunduma mji na mji ni mbali na Idrisa anasema ukikwama umekwama, Kenya Kiswahili kipo ila safari yake ni ndefu, na Afrika Kusini ambako vijana wanakimbilia siku hizi. Mimi moyo wangu ulikuwa Afrika Kusini kwa sababu ni mbali. Mume wangu Lazaro nilipomgusia aliniuliza unakwenda kwa nani, nikasema siendi kwa mtu, nakwenda kuona, akasema mwanamke mwenye akili haendi mahali ambapo hana mtu wake, akatoka nje kukata majani ya ng'ombe na tukaishia hapo.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Tuliwahi kupata mtoto, Atupele, akafariki kwa surua kabla hajasimama vizuri, na hajaja mwingine. Mwezi uliopita nikiwa sokoni kwenye mitumba nililiona begi la mgongoni, zito, lina mikanda mipana, nikalijaribu, na ulipokaa ule uzito mgongoni, Mshauri, naona aibu kusema, nilisikia kitu ambacho mwili wangu ulikuwa umekisahau, nikalinunua palepale bila hata kubishana bei. Nikatia ndani unga na mkate na sabuni, nikaondoka nalo mgongoni, na nilipofika njia ya kwetu mvua ikaanza, si unajua mvua ya Tukuyu, nikatoa kanga nikalifunika begi nikafunga fundo kifuani ili mkate usilowe.

Mbele yangu nikamwona baba mkwe anatoka kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Kwa mila zetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye, akikutana naye njiani anaingia pembeni, anachuchumaa na kumpa mgongo mpaka apite, na wengine siku hizi wameacha lakini kwa mzee yule mila bado ni mila. Nikaingia kwenye migomba nikachuchumaa nikampa mgongo. Nilisikia hatua zake zimesimama. Akabaki pale kwenye mvua halafu akaenda zake haraka kuliko alivyokuja. Dada yangu wa Nkunga ana watoto wengi na yalishasemwa maneno kwamba huenda nikapewa yule mtoto wake wa mwisho nimlee, na siku zile nilikuwa nimetoka kumtembelea.

Sijavua hata kanga nikasikia vigelegele vinatoka barabarani. Mama mkwe ndiye alikuwa mbele na kibuyu cha maziwa, nyuma yake wake za baba wadogo wa Lazaro na mmoja amebeba kuku, na mama mkwe analia na kucheka anasema, "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo, asante sana, Mungu amekukumbuka, hebu tumpokee mjukuu wetu asilowe," naye akanigeuza taratibu kama unavyomgeuza mwenye mtoto aliyelala, akafungua fundo la kanga kwa mkono wake mwenyewe. Likabaki begi. Hakuna aliyecheka wakati ule. Kucheka kulianza kesho yake, na sasa hata watoto wa shule wakiniona wananiita mama begi.

Baba mkwe tangu hapo hatoki, kanisani haendi, na watu wanasema nilimpa mgongo wenye begi makusudi ili nimdhihaki mzee wa watu. Lazaro ameniambia, "Mama Atupele, umemfanya baba yangu kichekesho cha kijiji. Chagua, begi lako au nyumba hii." Chakula hakipiti, usingizi hauji, naamka asubuhi natandika vitanda vya watu wanaokwenda zao na natamani nilale kwenye kimoja nisiamshwe. Nakuomba unitajie nchi, Mshauri, iwe rahisi kuingia, na iwe nchi ambayo hakuna mtu wa kuniuliza mtoto yuko wapi. Hata nikipotelea hukohuko sidhani kuna atakayepungukiwa.

Ni mimi niliyechoka,
Tusekile, Lufingo

*

Tusekile,

Umeuliza nchi, basi nchi nitakupa, lakini subiri kwanza tugombane kidogo.

Kulifunika begi mvua isiloweshe mkate si kosa, na kumpa mgongo baba mkwe ni adabu uliyofundishwa. Hukumdhihaki mtu. Wanaokuita mama begi watachoka wakipata la mwingine, na kwa jinsi ninavyozijua njia za vijijini halitachelewa. Kosa lako liko kwingine. Umekaa na Sophia mkachambua nchi kwa raha zenu, mume wako ukamgusia tu, alipotoka kwenda kukata majani ukamwacha aende. Ulitaka akuelewe kwa kumgusia? Hata mimi niliyesoma barua ndefu hivi nimehitaji kuirudia.

Na huyo Lazaro naye, kama gazeti hili linafika Lufingo, asome mwenyewe. Bwana Lazaro, mke na begi haviwekwi kwenye mizani moja. Unaona aibu ya baba yako, ya mkeo huioni, wakati yeye ndiye aliyefunguliwa kanga mbele za watu. Na mtoto aliyefariki alikuwa wa kwako pia. Umewahi kukaa naye mkamtaja kwa jina?

Sasa nikuambie jambo ambalo nadhani hujaliona, Tusekile. Unasema mzee alisimama kwenye mvua. Unafikiri alikuwa anatazama nini? Mwanaume wa umri ule, mzee wa kanisa, anakwenda mbio nyumbani akamwamshie mkewe vigelegele, huyo si mtu aliyekuwa akikuhesabia kasoro. Alikuwa anamngojea mjukuu kama wewe unavyomngojea mwana. Alimzika Atupele na hakuweza kukuambia pole kwa mdomo wake, kwa sababu mila imemfunga asiseme nawe, na wewe imekufunga usimwone uso akilia. Mnaomboleza mtoto mmoja, kila mtu amempa mwenzake mgongo. Amejifungia ndani kwa uchungu, nawe umeambiwa ni hasira ukaamini.

Kwa hiyo nenda kwa mama mkwe. Usimtume mtu, usimtume Lazaro, nenda wewe. Mwambie ilivyokuwa, mvua na mkate na mengine yote, hata lile la uzito mgongoni uliloona aibu kuniandikia. Yeye ni mwanamke, ameshabeba, atakuelewa kabla hujamaliza. Kisha mwombe ampelekee mzee pole yako ya msiba wa Atupele. Ndiyo, msiba ule ule wa zamani. Usimwombe msamaha, maana hujamkosea. Mpelekee pole.

Nchi ni Malawi. Afrika Kusini ifute, sababu uliyonipa ni kwamba ni mbali, na umbali peke yake haujawahi kumfariji mtu. Zambia ngoja uzoee. Malawi unavuka mto Songwe asubuhi, mchana unakula Karonga, lugha unaisikia, wali na samaki tumbo lako linavijua, na siku hizi hata mwanamke aliyevaa suruali hasumbuliwi kama zamani. Nenda miezi ya kiangazi, nenda na Sophia, mlale kwenye nyumba za wageni za makanisa, msimbebee mtu mzigo wowote mpakani hata akilia machozi, maji myachemshe, chandarua msikiache. Mkizoea Karonga shukeni hata Mzuzu, ni mji wa baridi kama kwenu. Lakini usiende kutafuta watu wasiokuuliza mtoto yuko wapi. Wangonde, watu wa Karonga, watakuuliza siku ya kwanza, ni ndugu zenu wale. Wajibu kwamba alikuwepo, anaitwa Atupele.

Ila hutakwenda wiki hii, wala mwezi huu. Uliponiandikia kwamba unatamani kulala usiamshwe, na kwamba ukipotea hakuna atakayepungukiwa, hapo niliiweka barua chini na sikuweza kuendelea na za wengine. Nimeona watu wakiandika hivyo, na si wote walioniandikia tena. Kwa hiyo nakuamuru kama mama. Leo hii, ukimaliza kusoma, mwonyeshe Sophia maneno hayo, yeye yuko karibu nawe. Kesho akupeleke hospitali, umwambie daktari kwamba huli, hulali, na unatamani usiamke. Sema hivyo hivyo, usiseme kichwa kinauma. Ukitoka hapo nenda Nkunga kwa dada yako, upikiwe, ulale, mpaka chakula kianze kupita.

Begi usilichome. Safari ni nzuri, wala wewe huna kichaa kwa kuitamani. Lakini pale mpakani kuna afisa, atafungua karatasi zako na kukuuliza unakwenda wapi, halafu atakuuliza unarudi lini. Nimeipekua barua yako yote, Tusekile, umenitajia nchi za kwenda na siku ya kurudi hukuitaja hata moja. Utakapokuwa nayo, niandikie. Nitaingoja barua hiyo.

Mshauri wako